Margaret Trowell, mwalimu aliyejifunza kwa mafundi wa vijijini

KUANZIA Nyansurura wilayani Serengeti hadi ng'ambo ya Ziwa Victoria nchini Uganda, wapo wakulima wengi waliokulia katika nyumba ambazo kikapu, ungo na mkeka vilitengenezwa kwa mikono. Kwa kuwa vitu hivyo tumevizoea, ni rahisi kudhani havina elimu ndani yake wala bei.

Aliyeona tofauti, na kuupeleka ujuzi huo hadi chuoni, ni Margaret Trowell, mchoraji na mwalimu kutoka Uingereza aliyefariki dunia mwaka 1985.

Trowell alizaliwa London mwaka 1904. Alisomea sanaa katika Shule ya Slade, kisha akasomea ualimu kwa Marion Richardson. Mwalimu huyo hakuwapa wanafunzi picha ya kunakili. Aliwasimulia jambo kwa maneno, nao wakalichora kama walivyoliona akilini.

Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, Daktari Hugh Trowell. Waliishi kwa muda miongoni mwa Wakamba, na huko akavutiwa na kazi za mikono za wenyeji. Mwaka 1935 wakahamia Uganda.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza kufundisha uchoraji barazani kwa nyumba yake mjini Kampala. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikaonyeshwa London. Darasa hilo la barazani ndilo lililozaa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Katika miaka ya 1940 alisimamia pia Makumbusho ya Uganda. Mwaka 1953, yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda. Humo zimo habari za ususi, ufinyanzi, ngozi na nguo ya gome la mti.

Nguo hiyo inafaa kutazamwa na kila mkulima. Baganda huipata kwenye mti uitwao mutuba, wa jamii ya mkuyu, ambao huoteshwa pia kati ya migomba na mibuni ili kutoa kivuli. Fundi huambua gome la ndani bila kuukata mti, kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba ili lisikauke.

Gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi likatanuka na kulainika. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Mti hupona, ukaota gome jipya na kuvunwa tena kwa miaka mingi. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa dunia nzima.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwa Trowell ni Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga sanamu ya uhuru mjini Kampala, na Watanzania Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wa Kilimanjaro. Ntiro aliiwakilisha Tanganyika mjini London baada ya uhuru wa 1961. Njau alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965.

Hata hivyo, si wote waliomkubali. Trowell alitaka mwanafunzi aanzie kwenye maisha ya kwao kabla ya kutazama sanaa ya Ulaya. Wapo walioona kuwa kwa kufanya hivyo alimnyima kijana wa Kiafrika elimu ya dunia, huku mgeni akimwamulia Uafrika wake ni upi. Alipoondoka mwaka 1958, mrithi wake, Cecil Todd, aliyapanua masomo.

Hoja hiyo ni nzito. Lakini kitabu chake kimehifadhi ujuzi ambao ungeweza kuzikwa na wazee. Kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 1957, alizipa jina African Tapestry, kana kwamba miaka yake yote hapa ilikuwa kitambaa kimoja kilichofumwa.

Kikundi cha akina mama kinachotaka kuuza vikapu hakina haja ya kungoja mtaalamu kutoka mbali. Kianze kwa bibi anayejua majani yapi huvunwa lini na rangi hutoka mti gani, kiandike anayosema, ndipo kipange bei.