Daktari Lejeune na Damu ya Wazazi

Zamani watu wa pwani walisimuliana sana habari za mumiani, mnyonyaji wa damu aliyesemwa kuwa hutumwa na wakubwa. Hofu ile haijafa yote. Tuseme mama mmoja wa Bunju, aliyepanda gari alfajiri kwenda hospitali kubwa mjini na mwanawe mgongoni, aambiwa kuwa mtoto ana kasoro ya kromosomu, na kwamba kwa ajili ya uchunguzi yatakiwa damu ya mtoto, na yake, na ya baba pia. Majirani watamwuliza: damu ya watu wazima wenye afya ni ya nini? Swali hilo ni la haki, nasi twaona maisha ya Daktari Jérôme Lejeune yafaa kulijibu.

Alizaliwa Montrouge, kando ya Paris, tarehe 13 Juni 1926. Mwaka wa 1952 alianza kazi chini ya Profesa Raymond Turpin, akiwachunguza watoto wenye hali iitwayo kwa jina la Mwingereza John Langdon Down, aliyeieleza mwaka wa 1866. Wazazi wao waliona haya, maana wako waliodhani kuwa ni matunda ya kaswende. Kwetu nako minong'ono ya laana na uchawi haikukosekana. Lejeune alishika viganja vya watoto wale, akaona mistari yake haifanani na ya wengine, akahisi kuwa chanzo kimetangulia kuzaliwa.

Hapa haki yataka tuseme wazi. Marthe Gautier, daktari aliyejifunza huko Boston ufundi wa kukuza seli nje ya mwili, ndiye aliyezikuza seli za watoto wale, na baadaye alisimulia kuwa yeye ndiye aliyeiona kwanza kromosomu ya ziada. Lejeune alizipeleka zikapigwe picha. Makala ilipotoka mwaka wa 1959, ikieleza watoto watatu wenye kromosomu 47 badala ya 46, jina la Lejeune lilitangulia, na sifa karibu zote zikamwendea yeye. Kumpenda mtu huyu si sababu ya kulificha hilo.

Mwaka wa 1963 Lejeune na wenzake walieleza hali nyingine, adimu sana: watoto ambao uchangani mlio wao ni kama wa paka mdogo, kwa kuwa kipande cha kromosomu ya 5 kimepotea. Mara nyingi kasoro hiyo hutokea yenyewe, wala hakuna aliyekosa. Lakini katika nyumba chache mzazi mmoja, mzima kabisa, ana vipande vya kromosomu vilivyobadilishana mahali bila kupungua kitu. Yeye hajui, mtoto ndiye arithiye pungufu. Damu ya baba na mama ikipimwa, hujulikana kama mtoto atakayefuata yumo hatarini. Na mwenye kubeba kasoro aweza kuwa baba, habari ambayo ingezima maneno mengi ya mawifi.

Tena maradhi adimu huwa na mtoto mmoja hapa, mwingine mbali kabisa. Daktari hawezi kuyafahamu mpaka nyumba nyingi zikubali. Hata hivyo mzazi ana haki ya kuuliza damu itatunzwa wapi, nani ataichunguza, majibu yatarudi lini, na hata kukataa, bila mtoto wake kunyimwa matibabu.

Katika hospitali ya Necker, Paris, Lejeune alipokea maelfu ya familia. Ilimhuzunisha kuona uvumbuzi ule ukitumiwa kuwatafuta watoto tumboni ili wasizaliwe, naye alilipinga jambo hilo hadharani, ingawa lilimpotezea marafiki wengi. Papa Fransisko alizitambua fadhila zake za kishujaa mwaka wa 2021. Dawa aliyoitafuta kwa ajili ya wagonjwa wake hakuipata mpaka alipofariki, siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1994.