Askofu Steere: Mwashi wa kanisa lililochipuka katika soko la watumwa

Apitaye Laini Saba mtaani Kibera, au Gatina huko Kawangware, siku ya Jumapili asubuhi husikia Kiswahili kikisomwa kwa sauti kuu kutoka makanisa yaliyojengwa kwa mabati na mbao. Mengi ya makanisa hayo hayana kioo cha rangi wala mnara. Yapo yenye sakafu ya udongo, meza moja iliyotandikwa kitambaa cheupe, na spika mbili zilizofungwa kwenye nguzo. Waumini huchanga mwaka baada ya mwaka wakitazamia siku ambayo mawe yatachukua mahali pa mabati. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba mmoja wa watu walioweka msingi wa Kiswahili wanachokisoma alianza kuhubiri hali kadhalika, katika kibanda cha udongo, na akafa akiwa amejenga mojawapo ya makanisa ya ajabu zaidi katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Mtu huyo ni Edward Steere, aliyezaliwa jijini London mnamo Mei 4, 1828. Hakukusudia kuwa mwashi wala mtaalamu wa lugha. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya udaktari wa sheria na kukubaliwa kuwa wakili mwaka wa 1850, akiwa kijana wa miaka 22. Lakini mahakama haikumvutia. Tangu ujanani alikuwa amejifunza kazi ya kupiga chapa, na alipenda kazi za mikono kuliko hoja za mawakili. Mwaka wa 1856 alitawazwa kuwa shemasi wa Kanisa la Uingereza, na baada ya miaka miwili akawa kasisi. Alitumwa Skegness, kijiji cha pwani katika jimbo la Lincolnshire, kisha akapewa parokia ya Little Steeping iliyo karibu na hapo. Wenyeji wa huko walimkumbuka kama kasisi asiyeona haya kukunja mikono ya shati na kushika kazi.

Rafiki yake William Tozer alipoteuliwa kuwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza katika Afrika ya Kati, Steere alikubali kuandamana naye kwa muda. Mtangulizi wa Tozer, Charles Mackenzie, alikuwa amefariki mwaka wa 1862 karibu na mto Shire, na misheni yenyewe ilikuwa taabani. Wawili hao walifika eneo la Zambezi mwaka wa 1863, wakaona kuwa homa ingewamaliza kama ilivyowamaliza wenzao, na mwaka wa 1864 wakahamia Unguja. Uamuzi huo ulilaumiwa vikali Uingereza. David Livingstone mwenyewe, ambaye wito wake ndio uliozaa misheni hiyo, aliuona kuwa ni kukimbia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, lawama hizo zilikuwa za haraka mno. Misheni iliyozika watu wake bila kuacha neno moja lililoeleweka na wenyeji ingemfaa nani?

Unguja ya wakati huo ndiyo iliyokuwa kitovu cha biashara ya watumwa katika pwani hii. Katika mwaka ule ule wa 1864, Sultani Majid aliwakabidhi wamishonari hao wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Steere akawa mwalimu wao, nao wakawa walimu wake. Mmoja wao, John Swedi, alitawazwa shemasi mwaka wa 1879. Kwa watoto hao na wengine waliofuata, na kwa wenyeji waliomsimulia ngano za mjini, Steere alijifunza Kiswahili kwa bidii ya mtu asiye na muda wa kupoteza. Injili ya Mathayo ilitoka mwaka wa 1869. Mwaka wa 1870 zikatoka kazi mbili kwa mpigo: kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kilichotumiwa kwa miongo mingi, na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili kama zilivyosimuliwa Unguja. Mashine ya kupiga chapa iliwekwa kisiwani, na vijana waliokombolewa wakafunzwa kupanga herufi.

Hapa msomaji wa Kenya, hasa mwenye asili ya Mombasa, ana haki ya kukohoa kidogo. Kabla ya Steere alikuwepo Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kuandika juu ya Kimvita. Kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka wa 1882, miezi michache baada ya kifo chake. Lahaja hizo mbili zilishindania nafasi kwa muda mrefu, hadi Kiunguja kilipochaguliwa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba Kimvita, chenye hazina ya mashairi ya karne nyingi, kilinyimwa haki yake. Hoja hiyo ina uzito, na vitabu vya Steere vilikuwa miongoni mwa vilivyoelekeza mizani upande wa Unguja.

Turudi kwenye jengo. Mnamo Juni 1873, baada ya shinikizo la Uingereza lililoongozwa na Bartle Frere na kusukumwa kisiwani na balozi John Kirk, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Mkunazini. Uwanja huo wa fedheha ukabaki mtupu. Mmishonari Arthur West alinunua sehemu yake, na sehemu nyingine ikatolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindi. Watu husahau kwamba kanisa hilo linasimama kwa kiasi fulani juu ya zawadi ya mtu asiyekuwa Mkristo. Kibanda cha udongo kikajengwa hapo, na ndani yake Steere akawa anahubiri na kujibu maswali ya Waislamu wa mjini kwa lugha yao. Siku ya Krismasi ya 1873 jiwe la msingi likawekwa. Mwezi Agosti mwaka uliofuata Steere alitawazwa kuwa askofu wa tatu wa misheni hiyo, katika kanisa la Westminster Abbey.

Wajenzi wengi wa makanisa katika enzi ya Malkia Victoria walitaka kuihamisha Uingereza nzima kwa meli: matofali, mbao za mwaloni, vigae. Steere alitazama mawe ya matumbawe yaliyouzunguka mji na kuona kuwa hayo yalitosha. Kuta za Kanisa Kuu la Kristo ni za matumbawe na chokaa, kama nyumba za Waarabu na Waswahili wa Mji Mkongwe. Madirisha yana matao yaliyochongoka, na mtu hawezi kusema kwa hakika pale ambapo Ulaya inakoma na Uarabuni inaanza.

Lakini dari ndiyo iliyowashangaza watu. Nyumba za mji huo zilikuwa na vyumba vyembamba kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, ambao kwa kawaida haukuzidi mita tatu. Steere aliamua kufunika ukumbi wenye upana wa takriban futi 28 bila boriti hata moja, kwa tao moja refu lenye umbo la pipa lililokatwa katikati, lililomiminwa kwa kokoto za matumbawe zilizochanganywa na saruji. Wengi walitabiri kuwa ungeanguka siku viunzi vitakapoondolewa. Askofu aliisimamia kazi yeye mwenyewe, akipanda na kushuka majukwaani pamoja na waashi. Kufikia mwaka wa 1880 jengo lilikuwa limefunikwa, viunzi vimeondolewa, na tao halikuanguka.

Kuna kisa kinachosimuliwa kwa kila mgeni. Inasemekana kwamba Steere alipokuwa safarini bara, mafundi walisimamisha nguzo za upande wa magharibi kichwa chini, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Hakika alikuwa msafiri: mwaka wa 1875 alitembea hadi Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao, na mwaka wa 1876 akaongoza kundi la waliokombolewa kurudi makwao, safari iliyozaa makazi ya Masasi. Hata hivyo kisa hicho kimekuwa kikisimuliwa kwa kicheko kinachowadharau mafundi, watu wale wale waliobeba kila jiwe na kumimina dari lililowashinda wenye mashaka. Majina yao hayakuandikwa ukutani.

Vivyo hivyo, vyumba vya chini ya ardhi vinavyoonyeshwa watalii karibu na kanisa kuwa magereza ya watumwa vinatiliwa shaka na wanahistoria kadhaa, kwa kuwa nyumba iliyo juu yake ilijengwa baada ya soko kufungwa. Uovu wa soko hilo hauhitaji kuongezewa chumvi.

Ndani, macho huvutwa na altare. Kwa mujibu wa mapokeo, iliwekwa mahali penyewe palipokuwa na mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko. Sakafuni mbele yake pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa rangi nyekundu, ishara ya damu. Ukutani umetundikwa msalaba mdogo wa mbao, unaoaminika kuchongwa kutoka kwa mti uliokua Chitambo, ulikozikwa moyo wa Livingstone. Dirisha moja la vioo vya rangi ni ukumbusho wa mabaharia Waingereza waliokufa wakiyasaka majahazi ya watumwa, na kinanda kikubwa kilitoka kwa watengenezaji wa Henry Willis wa Uingereza. Vitu hivi havikuwekwa kwa siku moja, na si vyote ambavyo Steere aliviona.

Mwishoni mwa Agosti 1882, alipokuwa ametoka tu Uingereza na ameanza tena kazi, askofu huyo alifariki ghafla mjini Unguja akiwa na umri wa miaka 54. Tafsiri ya kitabu cha Isaya ndiyo iliyokuwa mikononi mwake katika siku hizo za mwisho. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilikamilishwa na wenzake na kutoka mwaka wa 1891. Mwili wake ulizikwa nyuma ya altare, chini ya dari alilolimimina.