Urithi wa Gaston Planté

Kila nionapo paneli ya sola juu ya paa la mabati huko Kisii au Nyamira, humkumbuka Gaston Planté. Alizaliwa Orthez, Ufaransa, mwaka 1834. Mnamo 1854 akawa msaidizi wa Edmond Becquerel mjini Paris, yule aliyegundua mwaka 1839 kwamba mwanga waweza kuzaa umeme. Elimu ya paneli na ya betri zilikutana katika maabara moja.

Mwaka 1859 Planté alikunja pamoja mabamba mawili ya risasi yasiyogusana, akayatia katika asidi. Ikawa betri ya kwanza ya risasi iwezayo kujazwa tena. Hakutosheka: aliijaza na kuimaliza mara nyingi, uwezo wake ukazidi kukua. Alifariki mwaka 1889.

Sisi tumerithi chombo, tukaacha subira ya mwenyewe. Betri ya leo haihitaji zoezi lile. Yahitaji kujazwa pomoni. Ikiachwa nusu tupu siku nyingi, salfeti ya risasi huganda juu ya mabamba na uwezo hufifia. Katika milima ile mawingu hutanda alasiri, hivyo jua la asubuhi lisipotezwe. Paneli isifunikwe na kivuli cha migomba, vumbi lifutwe, na kidhibiti chaji kikate matumizi kabla betri haijaisha.

Mwanafunzi ambaye taa yake huzimika kabla hajamaliza kudurusu hakukosa jua. Alikosa maarifa ya kulihifadhi. Walimu wa fizikia, deni hilo ni letu sote, lakini mlianze nyinyi.