Karamojo Bell: Mwindaji wa ndovu aliyetegemea risasi ndogo

WAWINDAJI wengi wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliamini kuwa ndovu hawezi kuangushwa ila kwa risasi kubwa. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880, aliipinga imani hiyo.

Baada ya 1902 aliwinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, akapata lakabu ya Karamojo. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili abaini ubongo ulipo. Kati ya bunduki alizojaribu, aliyoitegemea zaidi ilitumia risasi ya Mauser, yenye kipenyo cha milimita 7. Bunduki hiyo ilikuwa nyepesi na haikumpiga teke kali begani, hivyo hakupoteza shabaha. Risasi yenyewe, ndefu na yenye gamba gumu, ilipenya mfupa bila kupinda.

Kwa ustadi huo aliua ndovu zaidi ya 1,000, akiuza pembe zao.

Uzeeni, kwao Scotland, aliwinda kulungu kwa risasi ndogo zaidi ya .220 Swift, iliyobuniwa Marekani 1935 na kupendwa na wawindaji wa wanyama waharibifu. Alifariki 1954, miaka 23 kabla ya Kenya kupiga marufuku uwindaji.