Sultani Majid na mji ulioishia njiani

Ukiniuliza Dar ilianzaje, nitakutajia Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar tangu 1856. Miaka ya 1860 alivuka hadi Mzizima, kijiji cha wavuvi, akaipenda ile bandari iliyojificha, akaanza kujenga. Boma la Kale pale Sokoine Drive alilijenga kwa ajili ya wageni wake, na kuta zake za mawe ya matumbawe bado zipo. Ila kwa mtazamo wangu, mradi mzima ulimtegemea yeye tu. Akafariki 1870. Mdogo wake Barghash, aliyewahi kumwasi, akaupa mji kisogo. Majengo yakageuka magofu. Mpaka 1891, Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo, kwa ajili ya bandari ileile.