Mwenye Heri Giuseppe Ambrosoli, Padri na Daktari wa Kalongo

Giuseppe, ndilo jina la Yosefu kwa Kiitalia, alizaliwa tarehe 25 Julai 1923 katika kijiji cha Ronago, kaskazini ya Italia. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya asali, na jamaa yao haikukosa kitu. Kijana huyu angaliweza kukaa kwao na kula matunda ya kazi ya wazazi wake. Lakini moyoni alitamani kuwatumikia wagonjwa, akajifunza udaktari mjini Milano hata akamaliza mwaka 1949. Kisha akaenda London kujifunza magonjwa ya inchi za joto, maana alikwisha azimu kwenda Afrika.

Mwaka 1951 akaingia katika shirika la Wamisionari Wacomboni. Tarehe 17 Desemba 1955 akapewa Upadri na Askofu Mkuu Montini, ambaye baadaye alikuwa Papa Paulo wa Sita. Mwezi wa Februari 1956 akafika Kalongo, katika inchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda.

Huko alikuta zahanati ndogo tu chini ya mlima wa mawe. Watu walitoka mbali, wengine wakibebwa, na Padri Ambrosoli aliwapokea wote. Mchana alipasua na kutibu, na usiku alizunguka tena vitandani. Wenye ukoma, waliokimbiwa hata na ndugu zao, aliwagusa na kuwatunza kama wengine. Kidogo kidogo zahanati ile ikawa hospitali kubwa, yenye vitanda 350, na watu wakamwita mganga mkubwa.

Lakini mtu huyu mwenye hekima alifahamu neno moja ambalo wengi hulisahau. Daktari peke yake haponyi. Aweza kupasua vema, lakini asipokuwapo muuguzi wa kuchemsha vyombo, kuosha mikono, kulinda kidonda na kupima dawa sawasawa, mgonjwa atapata ubaya mahali alipokuja kutafuta uzima. Mama aweza kuzaa salama jioni, akatokwa na damu usiku, akafa kabla ya jogoo kuwika, kwa sababu hakuna anayekesha karibu naye. Upendo usiojua kazi hautoshi. Kwa hiyo mwaka 1959 kilianzishwa Kalongo chuo cha wakunga, na wasichana wa Afrika wakafundishwa kuwaangalia mama na watoto kwa akili na kwa huruma.

Mwaka 1982 mafigo yake yaliugua sana. Waganga wa Italia walimshauri apumzike, lakini yeye akarudi Kalongo, akifanya kazi kwa nguvu chache zilizobaki. Tena wakati huo vita vilikuwa vikiharibu inchi ile.

Tarehe 13 Februari 1987 ikaja siku ya uchungu. Askari wa serikali, wakiogopa kwamba hospitali itawafaa waasi, waliamuru wote waondoke. Wagonjwa, wauguzi, masista na wanafunzi wakapandishwa katika malori kwenda Lira. Nyuma yao ghala zilichomwa moto. Kazi ya miaka 31 ilionekana kuteketea, na Padri Ambrosoli hakulaani mtu, bali aliyakubali mapenzi ya Mungu.

Hata hivyo hakukaa na kulia. Aliwaza juu ya wanafunzi wa ukunga: wakipoteza mwaka wao, mama wengi watakosa msaada. Ingawa alikuwa mgonjwa, alihangaika hata akawapatia mahali Angal, upande wa magharibi wa mto Nili, waendelee na masomo. Chuo kikaokoka, lakini mwili wake ukashindwa. Alikufa Lira tarehe 27 Machi 1987, mbali na hospitali yake, katikati ya watu aliowapenda.

Mbegu iliyozikwa ilichipuka. Mwaka 1989 hospitali ya Kalongo ilifunguliwa tena, na mwaka 1994 mwili wake ulirudishwa huko. Mwaka 2008, katika hospitali ya Matany, mama mmoja aliyekuwa akifa kwa sumu ya damu alipona baada ya watu kuomba kwa jina la Padri Ambrosoli. Eklezia ikachunguza jambo hilo kwa makini, ikakubali kwamba ni mwujiza. Tarehe 20 Novemba 2022, pale pale Kalongo, akaandikwa katika hesabu ya Wenye Heri.

Wakatekumeni wapenzi, watu wa Mususa, wa Butembo yote na wa Beni wanayakumbuka mambo ya Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Waliona jinsi mkono usiooshwa waweza kuleta kifo, na jinsi muuguzi mwaminifu anavyolinda nyumba nzima. Basi, unapomtunza mgonjwa nyumbani, nawa mikono kwa sabuni, mpe dawa kwa saa yake na kwa kipimo chake, wala usimwache peke yake usiku. Kristu alisema kwamba atendewalo mgonjwa ametendewa Yeye mwenyewe. Anayemtunza ovyo ovyo, amtunza nani ovyo ovyo?

Mwenye Heri Giuseppe Ambrosoli, utuombee.