Tabibu wa Kijijini na Gango la Chuma

Imeota mizizi miongoni mwetu dhana kwamba elimu ya juu huchipuka katika miji mikuu, na kwamba maeneo ya pembezoni kama Garissa, Wajir na Mandera kazi yao ni kungoja kupokea. Maisha ya Gavriil Ilizarov, mpasuaji wa mifupa aliyefariki mwaka 1992, yanaikanusha dhana hiyo.

Ilizarov alizaliwa Poland mwaka 1921, akakulia Azerbaijan katika ufukara, hata akachelewa kuanza shule. Alihitimu udaktari mwaka 1944, akapelekwa Dolgovka, kijiji cha mbali huko Siberia. Vita vilikuwa vimeacha majeruhi wengi ambao mifupa yao ilikataa kuunga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Kurgan, alibuni gango linalokaa nje ya mwili. Pete za chuma huzunguka mguu. Nyaya nyembamba hupenyezwa mfupani na kukazwa kwenye pete hizo. Mfupa hutulia, kidonda huweza kusafishwa, naye mgonjwa husimama mapema. Aligundua pia kwamba vipande vya mfupa vikivutwa taratibu, kiasi cha milimita moja kwa siku, mfupa mpya huota kati yake.

Wakubwa wa Moscow walimpuuza kwa miaka mingi. Mwaka 1968 alimtibu Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, ambaye mguu wake ulikuwa umewashinda wapasuaji wengine. Mwaka 1971 Kurgan ikapata taasisi yake, na mwaka 1981 Ilizarov akawahutubia wapasuaji nchini Italia. Tangu hapo wageni wakafunga safari kwenda Siberia kujifunza.

Nasi tujiulize. Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa, na baadhi ya majeruhi mahututi wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 370. Mfupa uliopasuliwa na risasi, au na ajali ya barabarani, hausubiri safari. Chuma hununuliwa, mkono unaojua kukitumia hufundishwa. Basi wapasuaji na wafundishwe Garissa kwenyewe, mbele ya majeruhi watakaowahudumia.

Lugha yetu ilikwisha kutoa somo hili: katika kitenzi kuganga, kutibu na kuunga ni jambo moja. Walimu, wasimulieni wanafunzi wenu habari za Dolgovka.